Kwa Mwoga Huenda Kicheko

Baba mkwe wangu alizikwa Ukerewe siku ya Jumamosi. Saa anashushwa kaburini, mimi nilikuwa Kisorya, nimekaa kiti cha nyuma cha gari la kukodi, ng'ambo naiona kwa macho.

Kwa msomaji asiyepajua kwetu: kutoka Mwanza kwenda Ukerewe, kisiwa ndani ya Ziwa Victoria, kuna njia mbili. Ama upande meli ikupeleke moja kwa moja Nansio, kama saa tatu hivi za maji, ama uzunguke kwa barabara mpaka Bunda, ukate kuelekea Kisorya, kisha uvuke na kivuko hadi Rugezi. Mume wangu na ndugu zake walitangulia na meli. Mimi nikabaki nyuma kwa visingizio vya ofisini. Nilishapiga hesabu zangu: saa tatu siziwezi, lakini kivuko kile cha mara moja, nikifumba macho na kusali, labda.

Kivuko kikaja, kikashusha ulimi wake pale gatini, magari yakaanza kuingia. Dereva akawasha. Nikamshika bega. "Ngoja kidogo, kaka." Akazima. Kivuko kikaondoka, kikaenda, kikarudi. "Dada, twende?" "Ngoja kidogo." Mara ya tatu hakuniuliza tena. Alishuka, akanunua karanga, akaegemea boneti akawa anamenya moja moja huku akitazama ziwa, kwa adabu kubwa, kama mtu aliyemwacha mgonjwa apumzike. Simu yangu iliita mara kumi na moja. Niliilaza kifudifudi juu ya paja.

Jioni nilikuwa nyumbani Mwanza, na khanga zangu za msiba hazijatoka kwenye mkoba.

Mkwe asiyefika kumzika baba mkwe ana kesi. Mawifi zangu waliisoma kesi hiyo vizuri tu, na sikuwa na wakili. Mama mkwe peke yake hakusema kitu. Wiki ya tatu akanipigia. Tukasalimiana, akaniuliza hali ya watoto, bei ya mafuta, mvua. Halafu akasema, "Mwanangu, ni maji?"

"Ndiyo, mama."

"Basi pole."

Ningependa angenitukana.

*

Woga wangu una tarehe. Ni Jumanne, 21 Mei 1996.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alikuwa akiuza ndizi sokoni Kirumba, na ndizi zilikuja kwa meli kutoka Bukoba. Kulikuwa na mama mmoja wa upande wa Kemondo aliyekuwa akimletea mikungu. Sisi watoto tulimwita mama mkubwa, ingawa hatukuwa na undugu naye zaidi ya huo wa biashara na wa kulala kwetu akichelewa. MV Bukoba iliondoka Bukoba Jumatatu jioni, ikapitia Kemondo kubeba watu na mizigo, ifike Mwanza asubuhi. Alfajiri Mama akaenda bandarini na kijana wa mkokoteni.

Aliporudi ilikuwa jua linazama. Alikuwa na kandambili moja. Mguu mwingine ulikuwa mtupu, una vumbi hadi kwenye kifundo, na nadhani hakuwa anajua. Alikaa kizingitini. Hakulia. Aliniomba maji ya kunywa, nilipomletea akayatazama ndani ya kikombe kwa muda mrefu, akayamwaga.

Meli ile ilijengwa kubeba abiria 430. Waliokufa peke yao walipita 800. Rais Mkapa alitangaza siku tatu za maombolezo, na wengi wakazikwa pale Igoma. Kwa mtoto wa miaka tisa takwimu hizo si kitu. Kilichoniingia mimi ni habari moja tu, niliyoisikia watu wazima wakiinong'ona barazani: kwamba meli ilipopinduka haikuzama papo hapo. Ilibaki ikielea tumbo juu, na ndani kulikuwa na watu hai. Ikatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa imenaswa humo ndani, ambayo ndiyo hasa ilikuwa ikiibeba, ikatoka kwa lile tundu. Meli ikaenda chini.

Kwa miaka mingi, nikizima taa, nilikuwa nikisikia hewa ikitoka.

Tangu siku hiyo Mama alitujengea Mwanza isiyo na ziwa. Si kazi ndogo, maana Mwanza ni ziwa na mawe, ukikosa moja unajikwaa kwenye jingine. Tulikatazwa njia zote za ufukweni. Kaka yangu, aliyekuwa mkaidi, alikaguliwa kila jioni: Mama alimkwaruza mguu kwa ukucha, na mstari mweupe ukijichora kwenye ngozi, basi alishaoga ziwani, na fimbo ilikuwa tayari. Mimi hakunikagua hata mara moja. Hakuhitaji.

Alikuwa na msemo wake, na wewe unaujua: kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Aliusema bila aibu, kama mtu anayetaja bei.

*

Nimesoma maandishi mengi ya kuhamasisha, na nimeshahudhuria semina mbili ambako jamaa mwenye maikrofoni ya shavuni alitutaka tusimame tupige kelele, "Woga wangu, kwaheri!" Nilisimama, nikapiga kelele, nikarudi nyumbani kwa kuzunguka njia ya juu ili nisipite ufukweni.

Ubaya wa mahubiri yale ni kwamba yanauchukulia kila woga kama uongo, kama kivuli ukutani, washa taa utaona hakuna kitu. Mimi nikiwasha taa naona ziwa, na ziwa lipo. Tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipinduka ikikaribia Ukara, humo humo wilayani Ukerewe. Kivuko cha watu 101, walikufa 228. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu 300,000 hivi walikufa maji duniani kote. Sasa mtu anipigie maikrofoni kwamba ninaogopa hewa tupu!

Mama hakukosea kuogopa. Amekuwa akiogopa kitu cha kweli kwa sababu ya kweli, na woga wake ulikuwa upendo uliovaa nguo za kazi. Nilichokuja kukiona nikiwa na miaka thelathini na saba, ndani ya gari la kukodi, ni kwamba woga alionirithisha ulijua jambo moja tu: kaa mbali. Haukujua kingine chochote. Haukujua maji ni nini, wala mwili ni nini, wala kivuko kizima ni kipi na kibovu ni kipi. Ulikuwa mlinzi anayemfukuza kila mtu getini, mwizi na mgeni wa heshima, kwa fimbo ile ile.

Na kuna mama mkwe wangu. Ajali ya 2018 ilichukua watu aliokuwa akisalimiana nao gulioni. Bado anavuka. Hakuna anayemwita shujaa na mwenyewe angekushangaa. Anavuka kwa sababu wateja wa dagaa wake wako ng'ambo.

Hata yule kijana Majaliwa Jackson. Mnamkumbuka: Jumapili ya tarehe 6 Novemba 2022, ndege ilipoangukia ziwani Bukoba ikiwa na watu 43, alikuwa miongoni mwa wavuvi waliofika kwanza na mitumbwi, akavunja mlango kwa kasia. Watu 24 walipona. Nchi nzima ilimwimba, na alistahili. Lakini mimi kila nikiitazama habari ile, jicho langu linaishia kwenye kasia. Kijana alikuwa mvuvi wa dagaa, chombo alichokitumia ndicho alichokishika kila siku, na maji yale aliyajua. Alipojaribu kuwafikia marubani aliumia, akazimia, akazindukia hospitali. Ungemtupa pale mtu wa moyo mkuu asiyejua maji, wangekuwa watu 44 wa kuokoa.

Kwa hiyo sikutafuta moyo mkuu. Nilitafuta mwalimu wa kuogelea.

*

Lakini kabla ya mwalimu, beseni. Ni beseni jekundu la plastiki la kufulia, lina ufa mdogo kwenye ukingo. Nilikuwa nikilijaza maji nusu, najifungia bafuni kama mwizi, napiga magoti juu ya taulo iliyokunjwa. Kazi yenyewe ilikuwa moja: tia uso.

Siku ya kwanza maji yaligusa pua, koo likajifunga lenyewe, kama mtu amelikaba. Nikarudi nyuma nikagonga kichwa kwenye ndoo. Siku ya pili nilifika kwenye mashavu. Ya tatu sikufanya, nilijiambia nina mafua. Wiki ya pili nilihesabu "moja" uso ukiwa ndani, nikatoka nikihema kama nimepanda mlima wa Bwiru nikikimbia. Moja! Mtu mzima, nina mkopo benki na watoto wawili, nimefurahia moja.

Sikuligundua mimi jambo hili. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, aliandika habari za mtoto mdogo, Peter, aliyekuwa akiogopa sungura. Hakumhubiria. Alimpa chakula anachokipenda, sungura akiwa mbali, upande wa pili wa chumba, na siku baada ya siku akawa anasogezwa, mpaka ikafika siku mtoto anakula kwa mkono mmoja na kumpapasa kwa mwingine. Nilipoisoma nilicheka, kwa sababu na mimi nilishaanza kuweka kikombe cha chai ya tangawizi juu ya sinki, cha kunywa baada ya kila zamu.

Mwezi wa pili nilifika ishirini, nikitoa pumzi kwa pua, mapovu yakigugumia. Binti yangu wa mwisho akagonga mlango. "Mama, unaongea na nani?"

*

Mwalimu alikuwa kijana wa miaka kama ishirini na mitatu, akifundisha Jumamosi kwenye bwawa la hoteli moja. Wanafunzi wenzangu walikuwa sita, mkubwa wao yuko darasa la tatu. Wahenga walisema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Mimi siku ile niliyavulia viatu tu. Nilikaa ukingoni na leggingsi na fulana ya mikono mirefu, miguu ndani hadi magotini, saa nzima. Watoto walinicheka kwa uaminifu kabisa. Mmoja akaniuliza kama nimekatazwa na daktari.

Wiki iliyofuata nilishuka. Maji yalinifika kifuani.

"Shikamoo, mama. Leo tunajifunza kulala."

"Marahaba. Kulala?"

"Kulala chali juu ya maji. Mtu akijua kulala, hayo mengine ni mbwembwe."

Aliweka kiganja chini ya mgongo wangu, akaniambia nitazame juu. Nikawa mti. Shingo ngumu, ngumi zimekaza, kidevu kimeng'ang'ania kifua, na kila nilipoinua kichwa nitafute ukingo uko wapi, miguu ilizama na mimi nikaifuata. Nilikunywa maji yenye dawa yakanitokea puani. Tulifanya hivyo Jumamosi tatu. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi nilikuwa nikitapatapa kwenye maji ambayo ningeweza kusimama.

Jumamosi ya nne akaniuliza swali. "Mama, ukiogopa, pumzi unaitoa au unaishika?"

Nikajitazama. Nilikuwa naitoa yote. Kila mara, kabla hata kichwa hakijalala, nilikuwa nimeshatoa hewa yote kwa ule mguno wa hofu, naingia majini na mapafu matupu.

"Basi unajitoboa mwenyewe," akasema.

Yeye mwaka 1996 hakuwa amezaliwa. Alikuwa anasema tu, mzaha wa mwalimu wa kuogelea. Nilimwomba dakika moja. Nilikwenda kwenye ngazi nikashika chuma, nikageukia ukuta, watoto wasinione.

Niliporudi nilijaza kifua, nikaishika. Nikalaza kichwa mpaka masikio yakazama na kelele za watoto zikawa mbali, kama za nyumba ya jirani. Kifua kikapanda chenyewe. Sikukipandisha. Nilisubiri kiganja chake kinisukume juu kama kawaida, nikasubiri, kisha nikaiona mikono yake yote miwili iko hewani, ameiinua juu kama mtu aliyeambiwa "mikono juu!", anacheka.

Hewa ndiyo iliyonibeba. Kitu kile kile nilichokuwa nikikisikia kikitoka usiku kwa miaka yote hiyo kilikuwa kimejaa kifuani mwangu, na kazi yangu ilikuwa moja tu, nisikifukuze. Watu waliofika Ukara siku mbili baada ya ile ajali ya 2018 walimtoa fundi mmoja akiwa hai ndani ya kivuko kilichopinduka, alikuwa amepata mahali penye hewa. Habari hiyo nilikuwa naijua tangu ilipotokea. Sikuwahi kuiweka pamoja na ile nyingine.

*

Hapa ndipo makala nyingi za aina hii huishia, mwandishi ameelea, jua linawaka. Kwa bahati mbaya ziwa si bwawa la hoteli.

Miezi mitano baadaye nilikwenda ufukweni na mwalimu na mvuvi mmoja mwenye mtumbwi. Ukingoni hatukuingia, kwa sababu ya kichocho. Konokono wanaokieneza wanapenda pale penye majani na maji yaliyotulia. Tukatoka mbali kidogo. Nilikuwa nimevaa laifu jaketi, nimefunga mikanda yote mitatu, nimeikagua mara nne. Nikatazama chini. Bwawani naona vigae, nahesabu hata vilivyopasuka. Hapa maji ni kijani kibichi kinachoishia kwenye weusi, na mkono ukiutia huoni vidole. Koo likajifunga. Miezi mitano yote ikapotea, nikawa wa Kisorya tena.

Nililia kwa hasira, mbele ya mvuvi wa watu, ambaye aliona vema aanze kupanga nyavu zake.

Baadaye nilisoma kwamba wataalamu wa woga wanalijua hili vizuri. Woga wa zamani haufutwi ubongoni. Unachofanya ni kujenga somo jipya kando yake, na somo hilo mwanzoni linakumbukwa pale pale lilipofundishwa. Ukibadilisha mahali, la zamani linatangulia kuitika. Laiti jamaa wa maikrofoni angenieleza hilo, nisingejiona nimelogwa. Ilinibidi nirudi ziwani mara sita. Ya sita niliteremka, nikakaa majini dakika nne nikiwa nimeshika ubavu wa mtumbwi, nikauachia kwa muda wa kuhesabu kumi na tano. Sikujisikia shujaa. Nilisikia baridi.

Na niseme wazi, maana najua kuna atakayeandika: kujua kuelea kusingewasaidia wengi waliokuwa ndani ya MV Bukoba. Meli iliyozidishwa watu ikipinduka, walioko chini hawana pa kuelea. Kuogelea kwangu hakutibu kivuko kilichozidisha. Kulitibu kiti cha nyuma cha gari la kukodi, basi.

*

Misa ya kumbukumbu ya mwaka ya baba mkwe ilikuwa mwezi wa nane. Mume wangu aliniuliza tuzunguke au tupande meli. Nikamwambia tuzunguke, ninajenga kwa tofali, sishushi ghorofa kutoka mbinguni.

Kisorya kivuko kilishusha ulimi. Nilipanda kwa miguu. Kitu cha kwanza nilitafuta majaketi yako wapi, nikayaona, nikachagua pa kusimama: karibu na ukingo, si ndani ya gari, si chini ya paa. Mikono ilitetemeka mwanzo hadi mwisho. Mama mmoja mwenye kuku wawili kwenye kapu aliniangalia nilivyoshika chuma, akasema, "Hakikimbii hicho, mama." Nikacheka, na kucheka kukanitoa pumzi, nikaivuta tena.

Mama mkwe alikuwa amekaa chini ya mwembe. Hakusema kitu kuhusu maji. Alinishika viganja, akavigeuza akavitazama kama anayenunua mihogo, akaniambia niende jikoni kuna viazi vya kumenya.

Usiku nikampigia Mama. Sikuwa nimemwambia kama ninakwenda. Kimya kilikuwa kirefu mpaka nikadhani salio limekwisha.

"Kilijaa?" akauliza.

"Hapana, Mama. Nafasi ilikuwepo."

"Ukirudi ukikuta kimejaa?"

"Sipandi."

Siku ya kurudi ilikuwa siku ya gulio. Pale Rugezi watu walikuwa wengi kuliko nilivyopenda mimi. Sisemi kivuko kilizidisha, sikuhesabu, na huenda kilikuwa ndani ya kiwango chake kabisa. Lakini nilisimama kando, nikamwambia mume wangu tusubiri kinachofuata. Akanitazama. "Na umeshajifunza kuogelea?"

"Ndiyo maana."

Kivuko kikaondoka bila sisi. Vijana waliokuwa ukingoni mwake wakatupungia na kupiga miluzi, mmoja akapaza sauti, "Mama, utabaki kisiwani uolewe tena!" na kivuko kizima kikaangua kicheko, kicheko kirefu kilichotufikia juu ya maji hata baada ya sura zao kuwa ndogo. Nilikaa juu ya begi. Nikanunua mahindi mawili ya kuchoma, moja nikampa mume wangu, tukala.